Kunasa zebaki ya moshi wa tanuri kwa punje za oksidi ya manganizi: kuzitengeneza, kuzijaribu na kuzihuisha

Moshi wa tanuri unaweza kutoka mweupe, vumbi lote likiwa limebaki kwenye chujio la mifuko, na bado ukabeba zebaki. Mawe ya chokaa na makaa ya mawe yana chembe zake ndogo sana, na ndani ya tanuri la klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, ambako malighafi hufika nyuzi 1,450, hakuna zebaki inayobaki kwenye jiwe. Yote hugeuka mvuke. Tanga ina mawe ya chokaa kwa wingi, ndiyo maana ina viwanda vya saruji na matanuri ya chokaa, na ina bahari mlangoni. Zebaki inayotua majini hugeuzwa na bakteria kuwa methili-zebaki, aina yenye sumu kali, kisha hupanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa: papa, nguru, jodari. Anayenunua samaki kwenye soko la Deep Sea asubuhi hana namna ya kuijua kwa macho wala kwa pua. Wa kuizuia ni aliyeko dohani.

Mwongozo huu ni wa mafundi wa maabara, wahandisi wa viwanda na wanafunzi wa kemia wanaotaka kujaribu kinasa cha kutumika tena na tena, kwa kipimo kidogo, kwenye mchepuo wa gesi halisi. Tunalisema mapema jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa: kunasa ni nusu ya kazi. Kinasa kinachohuishwa, yaani kinachopashwa joto ili kitumike tena, huachia zebaki yote uliyoikusanya kwa wiki nzima ndani ya saa mbili. Usipokuwa na mtego wa uhakika wa saa hizo mbili, umeitoa zebaki kwenye dohani ukaileta puani mwa fundi wako.

Zebaki ya aina gani, na oksidi inafanya nini

Ndani ya gesi zebaki huwa katika hali tatu. Iliyoshikamana na vumbi hukamatwa na chujio. Iliyoungana na klorini huyeyuka kwenye maji, na chokaa hushika sehemu yake. Inayosumbua ni zebaki tupu, mvuke wa elementi yenyewe. Haiyeyuki, haishikiki kirahisi, na husafiri mbali na upepo.

Oksidi ya manganizi huikamata kwa kuipa oksijeni. Atomu ya zebaki hutua juu ya punje, huchukua oksijeni iliyomo ndani ya fuwele, na kuwa oksidi ya zebaki iliyong'ang'ania hapo. Nafasi ya oksijeni iliyotoka hujazwa na oksijeni ya kwenye gesi. Ukipandisha joto baadaye, oksidi ya zebaki huvunjika, mvuke huondoka, na punje hubaki tayari kwa mzunguko mwingine. Oksidi za seriamu, kobalti, shaba na chuma nazo hufanya kazi ya namna hii. Tumechagua manganizi kwa sababu hufanya vizuri kwenye nyuzi 100 hadi 200, ambazo ndizo joto la gesi baada ya chujio, na kwa sababu si ghali.

Hatua ya 1: pima kabla ya kujenga chochote

Usinunue hata bomba moja kabla ya kujua gesi yako ina nini. Unahitaji namba nne: zebaki, dioksidi ya salfa, mvuke wa maji na joto. Kwa zebaki tumia jozi ya tyubu za mkaa wenye iodini, kila tyubu ikiwa na vyumba viwili vinavyofuatana. Vuta gesi nusu lita kwa dakika kwa saa moja. Gesi yenye mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo itakuachia mikrogramu 1.5 katika kila tyubu, kiasi kinachotosha kusomeka kwa mashine ya mvuke baridi inayotumia mwanga wa nanomita 253.7. Chumba cha pili kisizidi asilimia 10 ya cha kwanza, na tyubu mbili za jozi zisipishane zaidi ya asilimia 10. Zikipishana, tafuta uvujaji kwanza. Usichukue wastani wa namba mbili usizoziamini.

Kwenye tanuri la saruji pima mara mbili: kinu cha malighafi kikiwa kinasaga, na kikiwa kimesimama. Kinu kikisaga, unga baridi wa chokaa hunyonya zebaki na kuirudisha tanurini, ikazunguka na kujilimbikiza. Siku kinu kinaposimama kwa matengenezo, limbikizo hilo hutoka dohani kwa mkupuo. Mtu aliyepima kinu kikizunguka tu atajenga mtambo mdogo kuliko haja, na ataambiwa na namba zake kwamba hana tatizo.

Mwongozo uliotolewa chini ya Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, unataja kiwango cha chini ya miligramu 0.03 kwa mita ya ujazo kwa matanuri ya klinka, wastani wa siku, kwa gesi kavu yenye oksijeni asilimia 10. Badili vipimo vyako viwe kwenye masharti hayo kabla ya kulinganisha.

Na tuseme wazi: kama tatizo lako linatokea kinu kikisimama tu, anza kwa kutoa vumbi la chujio saa hizo na kutolirudisha tanurini. Ni hatua ya bei ndogo, nayo huvunja ule mzunguko. Punje zije baada yake.

Hatua ya 2: tengeneza punje

Kwa jaribio moja andaa gramu 100 za punje za gama-alumina (oksidi ya alumini yenye vijitundu vingi) zenye upana wa milimita 2 hadi 3. Zikaushe nyuzi 110 usiku kucha, uzipoze ndani ya chombo kilichofungwa chenye kikaushio, ndipo upime. Hewa ya Tanga haina subira na alumina: ukiziacha wazi mezani mchana mmoja wa masika zitanywa maji ya hewani, uzito utapanda, na hesabu zote zitakazofuata zitakuwa za uongo.

Pima uwezo wake wa kunywa. Chukua gramu 10 za punje kavu, dondoshea maji kwa bureti huku ukizungusha bika. Mwanzoni punje zitalia kavu kwenye kioo. Zikianza kushikana na kung'aa, zimeshiba. Zikishiba kwa mililita 5, uwezo ni mililita 0.5 kwa gramu, na gramu 100 zitahitaji mililita 50 za myeyusho, bila kuzidi.

Tunalenga asilimia 10 ya oksidi kwenye punje iliyokamilika, yaani gramu 11.1 za dioksidi ya manganizi juu ya gramu 100 za alumina. Hiyo ni moli 0.128. Ukitumia nitrati ya manganizi yenye molekuli nne za maji, pima gramu 32, yeyusha kwa maji yaliyochujwa na ujazie hadi mililita 50. Asetati pia inafaa na haina moshi mkali, lakini gramu 31 zake hazitayeyuka zote kwenye maji machache hivyo. Itabidi ulowe mara mbili, ukikausha katikati.

Mimina myeyusho kidogo kidogo huku ukigeuza punje. Funika saa mbili ili myeyusho ufike kiini. Kisha kausha polepole: nyuzi 60 kwa saa nne, halafu 110 kwa saa 12. Hapa ndipo haraka hugharimu. Ukikausha kwa joto kali tangu mwanzo, maji hukimbilia nje na manganizi huyafuata. Chukua punje moja, ikate kwa wembe na uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona ganda jeusi na kiini cheupe kama yai lililochemshwa, umekausha haraka. Punje nzuri ina rangi moja kutoka ngozi hadi moyo.

Choma kwenye tanuri la maabara, ukipanda nyuzi 3 kwa dakika hadi 400, na ukae hapo saa nne hewa ikipita. Nitrati itatoa gesi ya kahawia, karibu gramu 12 kwa fungu hili, nayo ni sumu ya mapafu ambayo madhara yake yanaweza kuchelewa kuonekana kwa saa kadhaa. Fanya ndani ya kabati lenye kivuta moshi. Chumba chenye feni ya dari hakifai hata kidogo.

Zikipoa kwenye kikaushio, pima. Ziwe kati ya gramu 110 na 111. Zikifika 114 au zaidi, nitrati haijaisha au unyevu umeingia. Zirudishe 400 kwa saa mbili. Zikiwa chini ya 110, kuna zilizomwagika au ulianza na alumina isiyokauka. Hifadhi kwenye kopo la bati au chupa ya mfuniko wa kukaza.

Hatua ya 3: mtungi na mabomba

Mtungi wa kuwekea punje uwe bomba la stenlesi au kwazi lenye upana wa ndani wa milimita 36. Mililita 50 za punje, ambazo ni kama gramu 35, zitakaa kimo cha sentimita 5. Weka pamba ya kwazi chini na juu. Pitisha lita 500 za gesi kwa saa, kidogo zaidi ya lita 8 kwa dakika. Bomba jembamba zaidi ya hapo litaacha gesi ikimbilie ukutani bila kugusa punje.

Mabomba ya kuleta gesi yawe ya tefloni au kioo, yamevikwa nyaya za joto nyuzi 180. Shaba na bati ya kulehemu marufuku kabisa, hata kiungo kimoja kidogo, kwa maana zebaki huungana nazo na utasoma "kunaswa" ambako si kwa punje. Mpira nao huinyonya. Mtungi wenyewe ukae nyuzi 150. Weka mahali patatu pa kupimia: kabla ya kinga ya chokaa (chombo cha chokaa kinachotangulia mtungi ili kushika salfa), kati yake na mtungi, na baada ya mtungi.

Kinga ya chokaa si ya hiari, na hesabu hii inaonyesha kwa nini. Gesi yenye mikrogramu 50 za zebaki kwa mita ya ujazo inapitisha kwenye mtungi wako mikrogramu 25 kwa saa. Punje zenye uwezo wa kubeba miligramu 1 kwa gramu zitahitaji saa 1,400 kujaa, karibu miezi miwili. Lakini gesi hiyohiyo ikiwa na miligramu 300 za dioksidi ya salfa kwa mita ya ujazo, zinapita miligramu 150 za salfa hiyo kwa saa, mara elfu sita ya zebaki. Gramu 3.5 za oksidi zilizomo mtungini zinaweza kugeuka zote kuwa salfeti kwa gramu 2.6 tu za gesi hiyo. Kama kila molekuli ingeshika, saa 17 zingetosha. Haishiki kila molekuli, lakini umeona mbio zilivyo: zebaki haikijazi kinasa kamwe, salfa inakiua kabla. Na salfeti ya manganizi haivunjiki kwenye nyuzi 450 za kuhuisha. Inataka joto la juu ya 800, ambalo litaiharibu punje yenyewe.

Basi tengeneza vijipunje vya chokaa iliyozimwa: lowesha unga kidogo, viringisha, kausha, chekecha ubaki na milimita 2 hadi 4. Weka gramu 100 mbele ya mtungi na ubadilishe kila baada ya siku tatu kwa gesi ya kiwango tulichotaja. Chokaa itashika pia sehemu ya zebaki yenye klorini, ndiyo maana ya mahali pa kupimia pa katikati. Bila hapo utaisifia manganizi kwa kazi ya chokaa.

Hatua ya 4: kuendesha

Pasha mtungi kwa hewa kavu mpaka nyuzi 150 zitulie, ndipo ufungulie gesi. Ukifungulia mtungi ungali baridi, mvuke wa maji utageuka matone juu ya punje. Pima kabla na baada kwa wakati mmoja. Upande wa baada vuta saa tatu badala ya moja, kwa kuwa ukinasa asilimia 90 zinabaki mikrogramu 5 tu kwa mita ya ujazo na saa moja haitoshi kuzisoma.

Umeme utakatika, panga ukijua hivyo. Gesi ya tanuri ina maji mengi, na mtungi ukipoa chini ya joto ambalo mvuke hugeuka umande, maji huyeyusha salfeti na kloridi na kuzishusha chini. Weka vali inayojifunga yenyewe umeme ukienda, na mtungi mdogo wa hewa kavu wa kusukuma gesi itoke. Betri ya akiba ya kompyuta (UPS) inatosha kwa vali. Haiwezi kubeba nyaya za joto.

Mambo mawili yatakutokea mapema. Presha ikipanda mtungini, vumbi limeziba pamba ya juu: badilisha pamba, usiguse punje. Unasaji ukishuka kutoka asilimia 90 hadi 60 ndani ya siku mbili, pima salfa mahali pa katikati kabla ya kulaumu punje. Mara nyingi chokaa imekwisha au gesi imejipasulia njia pembeni yake.

Hatua ya 5: kuhuisha

Hapa tunaomba umakini wote. Hewa ya nyuzi 30, joto la kawaida la mchana wa Tanga, inaweza kubeba karibu miligramu 30 za mvuke wa zebaki kwa mita ya ujazo, mara mbili ya hewa ya nyuzi 20. Kikomo kinachotumiwa Ulaya kwa mfanyakazi wa saa nane ni miligramu 0.02. Kwa hiyo "kimetoka kidogo tu" ni neno lisilo na nafasi chumbani humu. Vaa barakoa yenye chujio maalum la mvuke wa zebaki. Ya vumbi haizuii chochote.

Funga gesi, pitisha hewa kavu lita 1 kwa dakika, panda nyuzi 5 kwa dakika hadi 450, kaa saa mbili. Tumia hewa, usitumie nitrojeni: oksijeni iliyotumika ndani ya fuwele lazima irudi. Usivuke 500. Juu ya hapo dioksidi ya manganizi huanza kugeuka oksidi nyingine yenye oksijeni pungufu na vijitundu vya punje husinyaa. Hasara hiyo hairudi.

Bomba la kutokea liwe na joto la nyuzi 250 mpaka kwenye mtego. Pakiwa na sehemu moja baridi, hata flanji (kiungo cha bomba) isiyofunikwa, zebaki itaganda hapo, na wiki ijayo itatoka kidogo kidogo na kuvuruga vipimo vyako.

Kwa jaribio dogo peleka gesi moja kwa moja kwenye tyubu mbili za mkaa wenye salfa au iodini, gesi ikiwa imeshapozwa chini ya nyuzi 60 kwenye kipande kifupi cha kioo utakachokiosha na kukipima pia. Mkaa haupendi hewa ya moto, unaweza kuwaka. Usitegemee barafu peke yake. Kwenye nyuzi 0 hewa bado hubeba kama miligramu 2.4 kwa mita ya ujazo, na lita 120 zinazopita katika saa mbili zitaondoka na karibu miligramu 0.3. Mtungi uliofanya kazi siku moja una miligramu 0.6 tu. Nusu ingepita juu ya barafu huku ukidhani imeganda.

Kwenye mtambo mkubwa barafu ina maana. Tanuri la chokaa lenye gesi mita za ujazo 5,000 kwa saa, kwa kiwango kilekile cha mikrogramu 50, lina gramu 6 za zebaki kwa siku, chini ya nusu mililita. Ni tone lisilofika sehemu ya kumi ya kijiko cha chai, lakini kwa mwaka linapita kilo mbili. Hapo unahitaji mitungi miwili ya kilo 350 za punje kila mmoja, mmoja ukinasa mwingine ukihuishwa, kipozeo, kisha mkaa nyuma yake.

Hatua ya 6: hesabu

Kila mzunguko andika namba tatu: zebaki iliyoingia na haikutoka, iliyopatikana kwenye mtego wa kuhuisha, na iliyobaki kwenye punje. Ya tatu ipate kwa kuyeyusha gramu 1 ya punje kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya hidrokloriki. Mbili za mwisho zikijumlishwa ziwe kati ya asilimia 80 na 120 ya ya kwanza. Zikipungua, kuna bomba linalovuja au linalonyonya. Ripoti inayotaja asilimia ya kunasa bila hesabu hii tusiipokee, hata ikiwa na michoro mizuri.

Fanya mizunguko isiyopungua mitano kabla ya kusema kinasa "kinatumika tena". Mzunguko wa kwanza kushuka kidogo ni kawaida. Kikishuka kila mara kwa kiasi kilekile, pima salfeti. Punje zenye salfeti nyingi unaweza kuziosha kwa maji ya moto, kwa kuwa salfeti ya manganizi huyeyuka vizuri, kisha uzikaushe na kuzilowesha upya kama Hatua ya 2. Maji hayo ya kuoshea yana manganizi na zebaki. Yasimwagwe kwenye mtaro, kwani mitaro ya mji huu inaishia ghubani.

Hatua ya 7: mabaki

Mkaa uliotumika, chokaa ya kinga, pamba ya kwazi, maji ya kuoshea na punje zilizochoka vyote ni taka hatarishi. Kila kimoja na chombo chake chenye mfuniko wa kukaza, lebo yenye neno zebaki, tarehe na makadirio ya miligramu zilizomo, kwenye kivuli, mbali na jua la mchana. Chokaa usiirudishe tanurini, itaanzisha upya mzunguko uleule wa zebaki. Kusafirisha na kuteketeza kunataka kibali kupitia chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na kununua nitrati na asidi kunamhusu Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003. Anza maombi hayo wiki ileile unayoagiza alumina, ili mapipa yasije yakajaa kabla kibali hakijatoka.